Mikono Minne ya Vanishi

Sanduku la kwanza lilioza, na hilo ndilo lililomkaa Randa kooni. Seremala aliyepewa jina la utani kwa jinsi anavyolainisha mbao, leo anaambiwa na daktari wa mifugo kwamba kazi yake nusura iue nyoka.

Nyoka mwenyewe alikuwa chatu mdogo wa dada yake, mwalimu wa baiolojia, aliyemfuga ili wanafunzi wake waache kukimbilia mawe kila waonapo kitu kinatambaa. Walimwita Bi Harusi, maana hachoki kuvua nguo na kuvaa mpya. Ndani ya sanduku hilo bakuli lake la maji lilimwagika kila siku, plaiwudi tupu ikanywa, sakafu ikaota ukungu, na tumbo la Bi Harusi likatoka vidonda.

"Akilala tena kwenye unyevu," daktari alisema, "msinisumbue. Mzikeni."

Bi Harusi akahamishiwa kwenye beseni lenye kifuniko, akagoma kula. Randa naye akahamia bandani, nyuma ya nyumba ya dada yake, akaunda sanduku jipya. Alipiga msasa mpaka ubao ukateleza kama sabuni. Alijaza silikoni kila pembe, akaisawazisha kwa kidole. Kisha vanishi: mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kesho yake akamimina kikombe cha maji ndani. Yakasimama juu ya ubao, hayakupata pa kuingia.

Shemeji yake, mume wa dada, aliyezeeka na brashi ya rangi mkononi, alikuwa ameegemea mlango akitafuna karanga.

"Hapo umemaliza, shemeji. Sasa liache wiki mbili."

"Wiki mbili za nini? Limekauka. Gusa."

"Limekauka, halijaiva."

"Kwani ni ndizi?"

"Ndizi mbichi ingekuumiza tumbo tu."

"Shemeji, wewe na kuta zako, mimi na mbao zangu. Mnyama hajala siku tisa."

Shemeji akakung'uta maganda, akaenda zake.

Asubuhi Randa alikuja kumhamisha Bi Harusi, akakuta sanduku liko uani juani, mdomo umefungwa kwa nailoni na utepe wa gundi. Mlango wa kioo haupo. Hata bawaba zimefunguliwa.

"Nani kang'oa mlango wangu?"

"Mimi," shemeji alijibu kutoka kibarazani. "Bandua hiyo nailoni, uingize kichwa. Uhesabu mpaka kumi."

Randa akaingiza kichwa kwa hasira. Alifika nne. Harufu ilimkaba, macho yakamwaga machozi, akatoka akikohoa kama gari bovu.

"Wewe umetoka," shemeji alisema taratibu. "Yeye angetokea wapi? Na hiyo taa ya joto uliyotaka kumwashia?"

Randa alikaa juu ya ndoo, akatazama mikono yake.

Kwa wiki mbili alikuja kila asubuhi kuingiza pua sandukuni, mpaka dada akamuuliza kama amebadili kazi. Ndipo alipoona jambo jingine. Shemeji, ambaye akiona hata mkia wa mjusi hupanda kiti, ndiye aliyekuwa akibadilisha magazeti ya beseni kila siku, glavu zimemfika kwapani, jasho linamtiririka, akimbembeleza: "Bi Harusi, vumilia. Nyumba yako inaiva."

Siku ya kumi na tano sanduku halikunuka kitu. Shemeji akauleta mlango, ameuzungushia blanketi lake la kulalia. Wakaufunga pamoja. Bi Harusi akaingia, akazunguka, akapindua bakuli kwanza, kama kawaida yake. Maji yakakimbilia pembeni, yakatulia. Dada akayafuta kwa kitambaa kimoja, akapapasa chini: pakavu. Jioni ile Bi Harusi alimeza panya mzima.

"Kazi safi, mdogo wangu," dada alisema. "Umepiga mikono mingapi?"

"Minne," Randa alijibu.

Shemeji, aliyeihesabu mitatu kwa macho yake, alifungua kinywa kusahihisha. Randa akamkazia macho, kisha akainama, akaanza kukusanya maganda ya karanga miguuni pa shemeji.

"Minne, shemeji," akarudia. "Wa nne ni wako."

Shemeji akafumba kinywa, akampa karanga.