Kulabu ya Tatu

Habari mbaya ilimfikia Rula ikiwa imevikwa utani.

"Dada, hata asante sijaisikia," Brashi alimnong'oneza, glasi ya sharubati mkononi, meno yote nje. Brashi ndiye aliyekuwa mpaka rangi wa ukumbi. "Au alama zangu hukuzipenda?"

"Alama gani?"

"Si zile za darini! Nilipopaka rangi Alhamisi nilizifuta zako kwa bahati mbaya. Nikasema, yule dada akija atanila nyama. Nikashika penseli nikakuchorea zote tatu upya. Tena misalaba yangu imenyooka kuliko yako."

Rula aliendelea kutabasamu, kwa kuwa uso wake ulikuwa bado haujapata taarifa.

"Ulipima na nini?"

"Na jicho, dada. Mimi na lile dari tunajuana."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na Rula akainua kichwa taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Juu ya viti vya mbele waliruka ndege mia mbili wa bati. Mhunzi, mwanasanaa mwenye maonyesho yale, alikuwa amewachomelea kwa miezi saba kwenye pete ya chuma pana kama meza ya watu wanane. Kilo themanini na mbili. Rula mwenyewe aliwapima. Pete ilishikwa na minyororo mitatu, kila mnyororo na kulabu yake darini. Chini ya pete ilining'inia kamba nyekundu. Ukiivuta kamba, mabawa yote mia mbili yanapiga kwa pamoja, na pete nzima inatikisika.

Ukumbi ule uliwahi kuwa ghala la sabuni, na siku za joto kuta bado zilinukia. Kila mwezi ulifunguliwa bure kwa mtu yeyote: picha, sanamu, ngoma, masomo ya kuchora kwa watoto. Tangazo la mlangoni lilisema, "Kiingilio ni miguu yako. Njoo na jirani." Leo watu walikuja na jirani, na jirani alikuja na ukoo wake. Mlango ulikuwa mmoja.

Kazi ya Rula ilikuwa kutundika. Jina lenyewe alipewa kwa sababu hakuwa na imani na jicho la mtu, hata lake. Dari lilikuwa la jipsamu, laini, haliwezi kubeba zaidi ya saa ya ukutani, ila juu yake zilipita boriti za mbao. Kabla ya kila maonyesho alipanda ngazi, akalidunga dari kwa msumari mwembamba mpaka ugonge mti, na pale ulipogonga akachora msalaba mdogo kwa penseli. Kulabu haikuingia popote isipokuwa kwenye msalaba, na misalaba haikuguswa na mkono mwingine. Ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka sita bila hata fremu moja kudondoka.

Ijumaa alikuwa juu ya ngazi na drili. Tundu la kwanza lilimwaga vumbi la kahawia, la mbao. La pili vilevile. La tatu lilimwaga unga mweupe tu, na drili ikapita kama kisu kwenye mkate. Alisita. Chini Mhunzi alikuwa akimpigia kelele, "Mama, jua linaondoka, nataka nione vivuli vya ndege kabla halijazama!" Rula akautazama msalaba. Msalaba ulikuwa pale, umenyooka. Akajiambia kwamba boriti za zamani huoza juujuu, akachomeka tunduni plagi nene ya plastiki na kukaza kulabu ndani yake. Aliuamini msalaba kuliko mkono wake.

"Dada, vipi? Umekuwa kama karatasi," Brashi alisema.

"Usiondoke hapa."

Alipenya katikati ya watu akielekea mbele. Kiti cha katikati, mstari wa kwanza, moja kwa moja chini ya kulabu ya tatu, alikuwa ameketi shangazi yake. Ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na siku zote alisema kazi ya kutundika picha ni kazi ya watu wasio na kazi. Leo, kwa mara ya kwanza, amekuja kuona. Asubuhi Rula alikichagua kiti kile kwa mkono wake: "Hapo shangazi utaona kila kitu."

"Huyu hapa ndiye wangu," shangazi alikuwa akimwambia mwanamke wa kando. "Haya yote yanayoning'inia, kayaning'iniza yeye. Mimi nilidhani anapigilia misumari tu, kumbe ni mambo mazito!" Kisha akamgeukia Rula. "Lakini mwanangu, humu ndani kuna mtu anapaka poda? Niangalie bega."

Kwenye bega la gauni lake jeusi palikuwa na unga mweupe. Kidogo tu, kama chumvi ya kuonjea mchuzi.

Rula aliupangusa. Huo unga haukuwapo saa moja iliyopita. Maana yake kulabu ilikuwa inatembea.

"Shangazi, tubadilishe kiti. Pale dirishani kuna upepo."

"Upepo wa nini na haya magoti? Kuinuka ni safari. Umeniweka mwenyewe, niache nimsikilize mheshimiwa."

Mheshimiwa, mgeni rasmi, alikuwa kwenye kipaza sauti akieleza jinsi sanaa inavyounganisha jamii. Alikuwa ameshaunganisha vya kutosha. Karatasi zilizobaki mkononi zilikuwa mbili. Akimaliza angeivuta ile kamba nyekundu. Ndivyo walivyokubaliana badala ya kukata utepe.

Karatasi mbili, na viti arobaini vimebanana, na nyuma ya viti watu wamesimama bega kwa bega, watoto wameketi sakafuni hadi miguuni pa shangazi. Koo la Rula lilitaka kupiga ukelele. Akaubana. Miezi miwili nyuma balbu ilipasuka katikati ya onyesho, mtu mmoja akapiga yowe, na ukumbi mzima ukakimbilia mlango ule mmoja. Bibi mmoja alitoka na mkono uliovunjika mara mbili. Akipiga kelele sasa, wangekanyagana chini ya ndege walewale.

Alimwendea Mama Ukumbi, msimamizi wa pale, aliyesimama kando ya kipaza sauti na tabasamu la picha. Alimnong'oneza sikioni: kulabu moja haijashika, tuwaondoe watu taratibu.

"Baada ya hotuba," Mama Ukumbi alijibu bila kusogeza midomo.

"Baada ya hotuba anavuta kamba, mama."

"Rula, tangu Ijumaa wananing'inia. Wasidondoke jana, wadondoke leo mbele ya mgeni? Umechoka tu, mwanangu. Kunywa maji." Na akaanza kupiga makofi, kwani mheshimiwa alikuwa ametaja ukumbi.

Rula alirudi kwa Brashi.

"Ile misalaba yako," alisema. "Mmoja hauko kwenye boriti."

Brashi alifungua mdomo kutania, kisha akaona macho yake. Sharubati ikamwagika kwenye viatu.

"Mungu wangu. Dada, mimi—"

"Utalia kesho. Meza ile ya vinywaji ina magurudumu?"

Ilikuwa nayo. Ilisimama kando ya mstari wa mbele, biskuti na sharubati vimefunikwa kitambaa vikisubiri mwisho wa hotuba, na nusu ya ukumbi ilikuwa ikiitazama zaidi ya ilivyomtazama mheshimiwa. Wakaishika huku na huku, wakaisukuma mpaka ukuta wa mbali kabisa, na Brashi akavuta kitambaa kwa madaha.

"Jamani, wenye nchi!" aliita kwa sauti ya mnadani, sauti inayotetemeka pembeni. "Vya bure vimehamia huku! Watoto kwanza, na anayekuja na mtoto anahesabiwa mtoto!"

Watoto waliruka. Mama zao wakawafuata wakikaripia. Akina baba wakawafuata wake zao kwa kisingizio cha kuwasaidia. Viti vikakwaruza sakafu, watu wakacheka, mmoja akauliza kama kuna za chokoleti, na kwa dakika moja ndefu nafasi iliyo chini ya ndege ikaanza kuonekana sakafu yake. Mheshimiwa alinyamaza katikati ya sentensi. Mama Ukumbi alimkodolea Rula macho ya kumfukuza kazi.

Walibaki wawili. Shangazi, na magoti yake. Na Mhunzi, aliyekuja kusimama chini ya pete, katikati kabisa, mikono kiunoni, mshipa wa shingo umemsimama.

"Nani kahamisha watu wangu? Miezi saba nachomelea, halafu nashindana na biskuti?"

"Sogea, kaka," Rula alisema. "Naomba usogee."

"Sisogei! Kwani naogopa nini? Hakuna kiungo hata kimoja kitakachoachia hapa. Mheshimiwa, karibu uvute kamba! Waone kazi ya mtu."

Watu kule mezani waligeuka. Wengine wakaanza kurudi, biskuti mdomoni, wasipitwe. Mheshimiwa, akifurahi kupata tena cha kufanya, akapiga hatua nne na kipaza sauti mkononi, akanyoosha mkono wa pili na kuishika kamba nyekundu.

Unga mweupe ulianguka tena. Rula aliuona ukipita kwenye mwanga wa dirisha, ukishuka bila haraka, na safari hii ulikuwa mwingi zaidi ya chumvi ya kuonja.

Hakujua amefikaje. Alijikuta ameufunika mkono wa mheshimiwa kwa mikono yake miwili, kamba ikiwa katikati, naye mwenyewe yuko chini ya kilo themanini na mbili.

"Usivute, mheshimiwa. Achia polepole." Kisha kwa Mhunzi, kwa sauti ndogo ambayo kipaza sauti kiliichukua na kuipeleka ukumbi mzima: "Kaka, kazi yako haina kasoro. Kasoro ni kazi yangu. Kulabu ya tatu haijashika mti. Niliona unga mweupe Ijumaa nikanyamaza. Niliifunga mimi, na inatoka."

Hata watoto waliacha kutafuna.

Mhunzi aliinua macho juu. Alijua uzito wa kila ndege. Rula aliona rangi ikimtoka usoni kuanzia paji la uso hadi kidevuni, na kiburi chote kikaondoka nayo. Akabaki mtu tu, mwenye viatu vilivyoungua kwa cheche.

"Kila mtu abaki alipo," alisema taratibu. "Asikimbie mtu. Asirudi mtu huku. Mheshimiwa, pita kushoto kwangu. Mpaka rangi! Njoo tumwondoe huyu mama."

"Mama gani?" shangazi akauliza. "Mimi nina miguu yangu."

"Shangazi, nyamaza," Rula alimwambia, neno ambalo hakuwahi kumwambia maishani.

Walimwinua na kiti chake, Mhunzi upande mmoja na Brashi mwingine, shangazi akiwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili, wakampeleka hadi ukutani. Hakuna aliyecheka. Hapo Rula alitoka chini ya ndege, wa mwisho, akirudi kinyumenyume, na hakuvuta pumzi mpaka mgongo wake ulipogusa ukuta.

Pete haikuanguka. Walisubiri na haikuanguka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Pete iliinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza. Kutoka kwenye kundi mzee mmoja akauliza, "Sasa binti, inadondoka saa ngapi? Mimi nina safari," na wengine wakaguna.

"Haiwezi kuachwa vile," Mhunzi alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Ikishuka upande mmoja itang'oa na zile mbili."

Stoo kulikuwa na jukwaa la magurudumu ambalo Brashi hupandia kupaka rangi. Walivisogeza viti vya mbele kwa fito ndefu, wakalisukuma chini ya pete, wao wakiwa pembeni, na juu yake Brashi alikuwa tayari amefunga magodoro na mito ya viti hadi mgongo wa lile rundo ukayafikia matumbo ya ndege. Kilichobaki kilikuwa ni mtu kupanda ngazi, kuifungua kulabu ya tatu kabla haijajing'oa, na kuulaza uzito polepole.

Mhunzi alishika ngazi. Hakumtazama Rula, wala hakusema kwamba atapanda yeye, wala Rula hakumwomba.

Vidato vilikuwa kumi na moja. Alivijua, alivihesabu hata hivyo. Kwenye cha saba mguu ulikataa, akausemesha kimoyomoyo kama mtoto, ukakubali. Juu kabisa, harufu ya rangi mpya na sabuni ya zamani ikampanda puani. Msalaba wa Brashi ulikuwa pale, umenyooka kweli. Plagi ilikuwa nje nusu kidole. Aliigusa kulabu kwa ncha za vidole viwili, bila spana, bila nguvu, nayo ikazunguka, ikaja yote mkononi mwake pamoja na unga uliomjaa machoni.

Uzito ulimvuta bega. Akaulaza mnyororo chini, pingili moja baada ya nyingine, akisikia ndege wa bati wakikaa juu ya mito kwa sauti ndogondogo, mmoja mmoja, mpaka mnyororo ukalegea.

"Umekaa!" Brashi alipiga kelele. "Dada, umekaa!"

Watu walipiga makofi. Watoto walisukumana kwenda kuwagusa ndege ambao sasa walifikika, na Mama Ukumbi akasikika akimweleza mheshimiwa kwamba sanaa ya jamii lazima ishuke kwa jamii. Mhunzi alikuwa bado ameshika ngazi, kichwa amekiegemeza kwenye kidato, mabega yanatetemeka.

"Shuka basi, mwanangu," shangazi aliita kutoka ukutani. Sauti yake haikuwa na kiburi cha mwanzo, wala lawama. "Shuka nikuone."

Rula alitaka kushuka. Aliuambia mguu wa kulia, akauambia na wa kushoto. Kwenye ngumi yake kulabu ilikuwa imemkata kiganja na hakuweza kuufungua mkono. Chini ya macho yake, mita tatu na nusu, kulikuwa na nafasi ya kiti cha katikati cha mstari wa kwanza, tupu, na sakafuni, kati ya alama za miguu yake minne, duara dogo la unga mweupe.

"Bado, shangazi," alisema. "Bado kidogo."