Nyimbo za Noeli za Papa Télesphore

Elodie alikuwa Sange, akisahihisha mitihani ya wanafunzi wake, mama yake alipompigia simu kutoka Bukavu. Nyimbo za marehemu baba yake, Papa Télesphore, zilikuwa zimekataa kufunguka kwenye ordinateri, kompyuta ya nyumbani. Mzee aliongoza kwaya ya parokia hadi ugonjwa ulipomwangusha, na mazoezi yao alikuwa akiyarekodi.

"Nikigonga juu yake, inaniletea maandishi ya ovyo," Maman Georgette alisema. "Alama-alama, page muzima."

"Basi zimeharibika, maman. Futa, umwage na poubelle, kile kikapu cha takataka, mashini ipumue."

"Zote?"

"Zote. Maman, niko na kazi mingi."

Akakata simu, na jambo lenyewe hakulifikiria tena.

Likizo ya Pasaka alipanda Bukavu. Mama hakutaja nyimbo. Siku moja Elodie alikaa kwenye ordinateri aandike barua ya kazi, akaona folda ya kwaya bado ipo. Akagonga wimbo mmoja. Zikamwagika alama, ukurasa mzima, ndani ya programu ileile ya kuandikia barua.

Hapo akaelewa. Nyimbo hazikuwa zimeharibika hata kidogo. Mtu alikuwa amekosea siku moja, akachagua programu ya maandishi na kuweka alama kwenye "toujours", yaani daima, na tangu hapo mashine ilikuwa ikijaribu kusoma sauti kama barua. Elodie akagonga kwa kitufe cha kulia, akachagua "ouvrir avec", yaani fungua kwa, akaonyesha programu ya muziki, akathibitisha. Kazi ya kufumba na kufumbua.

"Sauti ya pili, munalala!" Papa Télesphore alifoka kutoka kwenye spika. "Turudilie!"

Maman Georgette akatokea mlangoni, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Ni yeye," akasema. "Mungu wangu, ni yeye kabisa." Akacheka, machozi yakimtiririka. Kisha kicheko kikakatika. "Na zile nilifuta?"

Elodie alikikodolea macho kioo cha ordinateri. Angeweza kusema zile zilikuwa zimeoza kweli. Mama angeamini, kama alivyoamini mara ya kwanza, na hilo ndilo lililomzuia kudanganya.

"Ulifuta gani, maman?"

"Nilianza na za Noeli. Nikafika katikati, roho ikakataa. Nikasema, Elodie atanikasirikia, lakini hizi zingine niziache tu."

"Zilikuwa nzima, maman. Ni mimi sikukuuliza vizuri."

Mama alijipangusa mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole.

"Mule kulikuwa ile baba yako aliimba peke yake," akasema, akarudi jikoni.

Kesho yake Elodie alimwendea Papa Évariste, mpiga kinanda wa kwaya. Mzee alikuwa na nyimbo chache za Noeli kwenye simu yake. Ule wa peke yake hakuwa nao, wala wanakwaya wengine waliopigiwa simu.

Alizileta zile chache, akaziweka kwenye ordinateri. Mama alisikiliza zote, ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Aksanti, mutoto wangu," na kumwekea chakula, sahani yenye samaki mkubwa. Elodie alikula. Laiti angegombezwa.