Watazamaji wa Sehemu ya Pili

Careen alikuwa aende Xintang kukagua jinzi zake kabla hazijapakiwa kwenye kontena. Hakwenda. Alimwambia fundi asubiri, akashika njia ya Guangyuan Xilu, barabara ya Wachina wa maduka ya jumla, akapishana na wapagazi na marobota yao mpaka dukani kwa Floribert, Mkongo wa Bukavu anayesafirisha nguo. Hakumjua mtu mwingine pale mjini mwenye Kifaransa cha kutosha na mdomo unaofungika.

Shida yenyewe ilitoka Morogoro. Mtu mmoja asiye na kazi, na hao ndio wenye shughuli nyingi siku hizi, alikuwa amefukua mtandaoni kipande cha filamu ya Kizungu ya mwaka 1976, sehemu ya pili ya upuuzi fulani wa mapenzi na matiti uliopigwa ufukweni Malindi. Akakitupa kwenye kundi la simu la akina mama wa kanisa. Miongoni mwa wasichana waliokodishwa kukimbiakimbia mchangani alikuwamo Agripina, mama yake Careen, wakati huo msaidizi wa jikoni hotelini, leo bibi anayekaribia sabini ambaye alikuwa amependekezwa kuwa mwenyekiti wa akina mama hao hao. Agripina akaacha kwenda kanisani. Careen alipompigia, alijibu neno moja, "Wameshaamua," akakata simu.

Careen aliapa kwamba mama yake hatafukuzwa kwenye benchi lake kwa ajili ya mkanda wa wahuni. Angemtetea hata kama alivua. Lakini alitaka kujua kama alivua, maana huwezi kumtetea mtu huku umefumba macho. Kilichotumwa kundini kilikuwa kipande kifupi: mwanamume mwenye masharubu anamkimbiza Agripina, anaidaka kanga yake, anaivuta, picha inakatika. Yaliyofuata kila mmoja alijijazia mwenyewe, na wacha Mungu walijaza kuliko wote.

Filamu nzima aliitafuta akaikosa. Alichopata ni ukurasa wa maoni ya Kifaransa, wazee wa Ulaya walioiona sinema ujana wao na bado wanabishana. Mashahidi wake wakawa ndio hao.

Floribert alisoma mistari miwili, akaiweka simu kwenye meza ya kupimia nguo.

"Dada Careen, franchement, hii ni bintu ya haya. Unapenda nisome yote kweli?"

"Yote, kaka. Usiruke hata neno."

"Bon." Akajikohoza. "Huyu anasema sehemu ya kwanza ilikuwa nzuri, hii ni maji ya kuoshea masahani. Huyu anasifu muziki. Huyu anauliza hadithi iko wapi."

"Endelea."

"Huyu mwanamke anasema waliwatumia wale wasichana kama viti vya hoteli, hata majina yao hawakuandika." Floribert akaongeza la kwake: "Huyu anasema kweli."

Careen alitikisa kichwa kukubali. Mwenye duka la jirani, Mchina waliyezoea kumwita laoban, yaani bosi, alichungulia kuuliza kama wanataka chai, akaona nyuso zao, akarudi kwake.

"Sasa huyu amekasirika sana," Floribert akasema. "Anasema kuna kosa kubwa la wale wanaounganisha picha. Mwanamume wa masharubu anavuta kitambaa cha msichana, kitambaa kinabaki mkononi mwake. Msichana anageuka, kumbe bado amevaa kitambaa kile kile. Rangi ile ile, maua yale yale. Anasema mtengenezaji alikuwa mlevi."

"Rudia hapo."

Akarudia. Chini yake wengine walikubaliana naye. Mmoja aliandika kwamba alirudi sinema mara ya pili kuhakikisha. Mwingine alilalamika kuwa yule msichana ndiye pekee asiyevua mpaka mwisho, na kwamba alistahili kurudishiwa kiingilio chake.

Careen alianza kucheka, kisha akalia, akafuta machozi kwa sampuli ya fulana.

"Si kosa, kaka Floribert. Ni doti."

"Doti ni nini?"

"Kanga haiuzwi moja. Zinauzwa mbili, pacha, hazina tofauti. Mama alijifunga zote, moja juu ya nyingine. Akamwachia mzungu ya juu."

Floribert aliitazama simu, akawatazama wale wazee wote waliobishana karibu nusu karne juu ya mlevi ambaye hakuwapo. Akatoka nje bila kuambiwa.

Morogoro ilikuwa asubuhi. Agripina alipokea akiwa anachambua mchele, ungo ulisikika.

"Mama, nimejua. Ulivaa doti nzima. Hukuvua. Watazamaji wenyewe wameandika, wamekasirika mpaka leo. Maoni yao yatatafsiriwa yote niyatume kundini, wayasome hao wanafiki."

Ungo ulinyamaza.

"Umewauliza akina nani?"

"Wazungu, mama. Walioiona yote."

"Ulipokuwa darasa la tano ulirudi unalia, wamekuambia mama yako alicheza picha mbaya. Hukuniuliza. Umeolewa, hukuniuliza. Juzi umepiga simu ukasema pole mama, mimi niko nawe. Ukanipa pole, hukuniuliza."

"Usitume kitu kundini," Agripina akasema. "Niulize."

"Mama…"

"Niulize, Careen. Jumapili nitakwenda kukaa kwenye benchi langu, wapende wasipende. Lakini nataka nikae pale nikiwa nimeulizwa na mtoto wangu."

Careen alikaa juu ya robota la nguo za watu, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, siku ile Malindi ilikuwaje?"