Wingu Juu ya Lufingo

Nusrat alipopata leseni ya urubani binafsi, alimwahidi mama yake, Bi Hadijah, kwamba siku moja atapita na ndege juu ya nyumba yao ya Lufingo. Akiwa likizo alikodi ndege ndogo, akaruka kutoka uwanja wa Songwe saa mbili asubuhi. Alipokaribia Rungwe alikuta wingu limefunika bonde lote. Leseni yake haikumruhusu kuingia mawinguni. Ilimtaka aruke akiona mbele na chini kwa macho yake. Alizunguka mara mbili akitafuta upenyo, akaukosa, akageuza.

Jioni alifika nyumbani kwa barabara. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi.

"Nilikusikia," alisema mama. "Nikatoka uani nikapunga mkono, kisha mlio ukarudi ulikotoka."

"Nisamehe, mama. Sikuona hata mgomba mmoja."

"Uliona nini basi?"

"Kilele cha Rungwe kimechomoza juu ya wingu, kimepigwa na jua."

Mama aliweka kisu chini. "Miaka sitini naishi chini ya mlima huu, sijawahi kuuona hivyo. Hiyo leseni inakuruhusu kunipakia?"

"Inaruhusu, mradi nisikutoze nauli."

Walingoja siku sita, mvua haikuacha. Likizo ikaisha, Nusrat akarudi kazini Dar es Salaam. Tangu hapo, kila asubuhi Bi Hadijah hutoka kuutazama mlima, kisha humpigia mwanawe simu.

"Leo bado," humwambia. "Ila wingu limepungua kidogo."