Ndoo ya Mvua ya Mzee Byarugaba

Yustus alikuwa mtu wa vitu vya kudumu. Ukimkuta dukani ananunua jembe, ungeweza kwenda nyumbani, ukamenya ndizi, ukapika, ukala na kurudi, na yeye bado analigonga kwa ukucha akisikiliza mlio wake. Watu wa Nyaishozi walimcheka, kisha wakamtuma awachagulie na wao. Basi mwaka ule wa hamsini na nne baba yake alipohitaji ndoo ya mvua, nani mwingine angeichagua?

Baba yake, Mzee Byarugaba, alikuwa ameharibiwa mikono na baridi yabisi. Vidole vilijikunja ndani, havifunguki wala havishiki. Hata kikombe alikibana katikati ya vifundo vya mikono ndipo anywe. Mkewe Kokubanza alipokuwa hai, yeye ndiye aliyemwogesha. Alipofariki, nyumbani wakabaki mzee, Yustus, mke wa Yustus aitwaye Kokuhirwa, na binti yao mdogo Evangelina. Yustus alikuwa karani wa kununua kahawa: wiki tatu yuko Nyakakika au Bugomora, wiki moja yuko nyumbani.

Na mke wa mwana hamwogeshi baba mkwe. Kwa Wanyambo, watu wa Karagwe, hilo halina mjadala. Kokuhirwa akimwona mzee anakuja njiani, alipisha na kuinamisha uso. Na habari za mwili wa mzee hazikutoka kinywani mwake, hata mbele ya mumewe. Jirani naye haitwi kwa kazi hiyo, kwani kumwita ni kutangaza kwamba hukuzaa. Kwa hiyo mzee alioga ile wiki moja tu ambayo Yustus yupo, mwana akimmwagia maji na wote wawili wakitazama pembeni kwa aibu. Wiki tatu nyingine alinuka. Nalisema wazi kwa sababu mwenyewe alilijua, na ndilo lililomfanya aache kwenda kanisani, yeye aliyekuwa na besi nzito kuliko wote pale.

Siku moja akamwambia mwanawe, "Niliona kitu kwa yule Mzungu wa barabara. Ndoo inaning'inia juu, maji yanakushukia kama mvua. Nipatie hicho, mwanangu, nioge peke yangu. Pasaka nataka niende Meza ya Bwana nikiwa msafi."

"Tata, utapata," alisema Yustus. "Na utapata kitu, si takataka."

Akapanda lori hadi Bukoba. Kwenye duka moja la vyombo alikuta ndoo za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bati, imeungwa kwa risasi, na chini ina mnyororo: ukiuvuta, maji yanashuka, ukiuachia, yanakatika. Ya pili ilikuwa ya shaba nyekundu, nene, yenye koki ya gurudumu dogo la meno meno. Yustus alizigonga zote mbili. Aliingiza kidole kwenye viungo. Aliomba zijazwe maji, akaketi kwenye gunia la chumvi kuzitazama, mpaka mwenye duka akala chakula chake cha mchana na kumaliza. Ile ya bati ilidondosha matone mawili.

"Hii shaba wataogea wajukuu zako," alisema mwenye duka.

Yustus akalijaribu gurudumu. "Mbona linabana?"

"Koki inayobana haivuji, bwana."

Yustus akafurahi. Wewe unayesoma umekwisha kuliona kosa, na hata mtoto angeliona. Lakini mtu akipenda kitu kigumu hukipenda kwa moyo wote, na Yustus alirudi Karagwe amekipakata kile chombo juu ya magunia njia nzima, kama amebeba mtoto mchanga.

Alisimamisha nguzo za mkaratusi nyuma ya nyumba, akazungushia matete, akaitundika ndoo. Siku ya kuizindua aliifungua mwenyewe. Mzee akaingiza kichwa chini ya maji bila kuvua nguo, akacheka hata machozi yakamtoka, na Evangelina akapiga makofi. Yustus akaifunga koki kwa nguvu, lisidondoke tone. Kesho yake akaenda zake kazini.

Kila jioni Kokuhirwa alipasha maji, akapanda ngazi, akaijaza ndoo, akaondoka upesi kabla mzee hajaja. Yustus aliporudi, mkewe alizungukazunguka sana kabla ya kusema, "Baba Evangelina, ile ndoo haipungui maji."

Yustus akacheka. "Si nilikuambia? Haivuji hata tone! Huo ndio ubora."

Kokuhirwa akainamisha macho. Angesema nini tena? Kusogea hatua moja mbele ya hapo ni kusema baba mkwe wake haogi.

Yustus alipomuuliza baba yake, mzee alijibu, "Ni nzuri. Itadumu." Alikuwa amemwona mwanawe akiitazama ile shaba, akaona haya kumwambia. Na wiki ile Yustus hakumwogesha. Kwa nini amwogeshe mtu mwenye ndoo ya mvua?

Ikaja asubuhi ya Pasaka. Yustus amevaa koti, Kokuhirwa yuko uani na mtoto mgongoni, kengele inalia. Mzee ameketi kitandani na nguo za jana, na harufu imejaa chumba.

"Nyinyi tangulieni," alisema. "Mimi leo sijisikii."

Yustus akapandwa na hasira. "Tata, bafu nimekujengea! Maji ya moto unawekewa! Kinachokushinda ni nini kama si uvivu? Unataka watu waseme Yustus hamtunzi baba yake?"

Mzee akaificha mikono yake chini ya blanketi.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

Yustus akageuka, akatoka. Jumatatu akaondoka kwenda Bugomora bila kuaga.

Wiki ya tatu akapata ujumbe kwamba mzee ana kichomi. Alipofika Nyaishozi, uani wanawake walikuwa wameketi chini wakilia. Amechelewa kwa nusu siku.

Baba yake mdogo, Protase, aliyekuja kutoka Nyakakika, alikuwa ameulaza mwili juu ya majani ya migomba. "Lete maji tumwoshe ndugu yangu," akasema. Yustus akachukua karai, akaenda bafuni. Akashika gurudumu kwa mkono mmoja; halikwenda. Akaweka karai chini, akalishika kwa mikono miwili na kujikaza, ndipo likazunguka. Alisimama pale mpaka karai likajaa na kumwagika miguuni mwake.

Akarudi ndani. Protase alikuwa ameinua mkono wa marehemu.

"Huyu aliumia wapi?"

Kwenye vifundo vya mikono yote miwili ngozi ilikuwa imechunika. Palikuwa na makovu yaliyokwisha kukauka, na juu yake vidonda vibichi, na vyote vimepangana kwa alama za meno meno. Yustus alivitazama. Akamwachia Protase karai, akatoka nje.

Kokuhirwa alikuwa upenuni. Mumewe akamvuta kando, akamshika mkono kwa nguvu bila kujua.

"Alikuwa anaingia mle?"

Kokuhirwa alilia kwanza. Kisha akasema, akitazama chini kana kwamba mzee bado yupo na anasikia:

"Kila jioni. Anakaa mle mpaka giza linaingia. Halafu anatoka, anasimama mbali kule migombani, ananiambia asante kwa maji."