Mapigo Chini ya Nikia

Theoni alikuwa mtaalamu wa matetemeko ya ardhi, na kiangazi kile alipata kazi aliyoitamani miaka mingi: kuisikiliza volkano ya kisiwa cha Nisyros, alikozaliwa baba yake. Alifikia Nikia, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa shimo la volkano, kwa shangazi yake Kalliroi, mjane mwenye ulimi mkali na magoti mabovu. Kipima mitetemo alikiweka ghalani, kwenye mwamba mtupu, katikati ya mapipa ya divai.

"Unampima nini huyo?" Shangazi aliuliza, akimwaga tone la divai chini kabla ya kunywa, kama kawaida yake.

"Simpimi mtu, Shangazi. Napima mwamba."

"Mwamba! Gaia, mama dunia aliyeizaa mbingu, akazaa na majitu, leo wewe unamwita mwamba! Mwanawe Polybotes yuko hapa hapa chini, tangu Poseidoni, mungu wa bahari, alipomega kipande cha kisiwa cha Kos akamfunika nacho. Akijigeuza, sisi tunatikisika."

"Na kasisi unamwambiaje?"

"Kasisi naye hutikisika."

Theoni alicheka. Hakumwambia kwamba wako wanasayansi wanaosema hewa, bahari, miamba na viumbe hurekebishana kama mwili unavyolinda joto lake, na wazo hilo wakalipa jina la Gaia huyo huyo. Angempa Shangazi ushindi wa bure.

Jioni moja ya Agosti, katika mfungo wa Bikira Maria, Shangazi alijifunga kitambaa akaaga kwamba anakwenda kanisani. Muda si muda mistari kwenye kompyuta ya Theoni ikaanza kurukaruka. Haikuwa kama tetemeko, linalopiga likafifia. Haya yalikuwa mapigo, mazito, yenye mpangilio. Yakakatika. Yakaanza tena, kwa kasi zaidi. Theoni akaichukua simu. Akampigia mwenzake Iordanis kule Athens.

"Vipima vingine vyote kisiwani vimetulia," Iordanis alisema. "Ni chako tu. Kama kuna kitu, kiko chini ya kijiji chenu, tena karibu sana. Kikizidi usiningoje. Waambie wa bandarini watu wahamishwe."

Theoni akachukua kipima kidogo cha mkononi, akatoka. Kila alipofika kwenye kona alikitua kwenye mawe, akasoma. Kadiri alivyopanda kichochoro ndivyo mapigo yalivyopanda nayo. Alijiona tayari akigonga milango, akiwaambia wazee waache nyumba zao. Mapigo yalikuwa makali kuliko kote mlangoni pa shule ya zamani, iliyofungwa kwa kukosa watoto. Madirisha yamebanwa, mwanga ukipenya kwenye nyufa. Akausukuma mlango.

Ndani, wanawake wa Nikia walikuwa wameshikana mabega, wakiikanyaga sakafu ya mbao hadi vumbi linatimka. Mbele ya mstari, sketi mkononi, Shangazi Kalliroi alikuwa akiruka kama mwanambuzi.

"Shangazi! Na yale magoti?"

"Funga mlango! Emporios watatusikia!"

Kumbe kila sikukuu ya Bikira Maria wanawake wa kijiji jirani cha Emporios ndio huondoka na sifa za ngoma, na safari hii Nikia walikuwa wakijinoa kwa siri. Theoni akakaa chini palepale, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ilibaki kidogo tu nihamishe kisiwa kizima kwa ajili yenu!"

"Emporios ungewahamisha," mmoja akadakia. "Hao hatuwahitaji."

Shangazi akaja akihema. "Sasa niambie bila mzaha, mtaalamu. Dunia i hai, haiko hai?"

Theoni akafikiri. "Ardhi hii hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kama kifua. Ila hiyo si pumzi, ni mwezi unaivuta. Lakini hewa tunayovuta imetengenezwa na viumbe. Mawe yanaimeza, volkano inaitema, bahari inaipunguza. Kila mmoja anamweka sawa mwenzake. Kama huo si uhai, basi ni ndugu yake wa karibu."

"Maneno mengi. Sema ndiyo."

"Nusu ndiyo."

"Inatosha. Ingia mstarini, tumepungukiwa mtu."

Siku ya sikukuu walicheza, Theoni akiwa wa mwisho mstarini, akikosea na kucheka. Emporios wakaingia uwanjani nao, na kweli walikuwa wazuri. Ghafla glasi zikagongana mezani. Mpiga fidla akasita. Macho yote yakamgeukia Theoni, naye akachungulia simu yake.

"Tetemeko dogo, na liko mbali baharini. Piga muziki!"

Muziki ukarudi, lakini Emporios walikuwa wamepoteza hatua, na hawakuipata tena. Wazee waliokuwa wakitazama wakawapigia Nikia makofi hadi viganja vikawauma.

"Aliyetubeba tunamjua," Shangazi alisema, akamwaga chini tone la sharubati yake ya lozi, kisha akainua glasi.

Theoni akafungua mdomo abishe. Kisha akaona heri atie humo bajia ya dengu.