Maziwa Yaliyolia Dirishani

Asubuhi moja ya mwaka 1956, maziwa ya Wegesa yalifika zahanati katika kibuyu kilichofukizwa moshi. Muuguzi Verdiana aliyamimina kwenye chupa, akaiweka dirishani. Chupa ikaanza kulia kwa sauti ya mtoto mchanga wa kike, kama ilivyolia jana. Verdiana akaenda kunawa mikono.

Mnywaji wa maziwa hayo alikuwa Tomaso, aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Mama yake, Efrazia, alifia kwenye uzazi huohuo. Wegesa alikuwa mke wa kaka yake Efrazia, aliyeolewa kwa ng'ombe wa mahari ya Efrazia. Kwa hiyo mzee Werema, baba wa Efrazia, aliona jambo liko wazi: ng'ombe wa Efrazia ndio waliomleta Wegesa, basi maziwa ya Wegesa ni ya mtoto wa Efrazia. Tena Tomaso akifa, wakwe waliomwoa Efrazia watarudi kudai ng'ombe wao. Mokami, binti mchanga wa Wegesa, alibaki nyumbani, kijijini Kerende, akinyweshwa uji mwepesi wa ulezi.

Tatizo la Verdiana lilikuwa jingine. Wegesa alikuwa anakohoa tangu masika.

"Shikamoo, mzee," Verdiana alimwambia Werema alipokuja kumwona mjukuu. "Nataka kuyapasha moto haya maziwa. Ugonjwa utakufa."

"Marahaba. Na nguvu yake?"

"Itapungua. Akinywa mabichi atanenepa upesi, ila ugonjwa wa Wegesa unaweza kumwingia. Yakipashwa, atanenepa polepole."

Werema alikunja uso. Kwake maziwa hayakuwekwa motoni, ng'ombe asije akakauka.

"Wegesa akikauka je?"

"Wegesa si ng'ombe, mzee."

Mzee hakuwahi kulitazama jambo hilo kwa upande huo. Dirishani chupa iliendelea kulia.

"Huyo ni Mokami," alisema. "Sauti ya mjukuu wangu naijua."

"Ana njaa," alisema Verdiana.

"Najua."

Verdiana aliweka chupa ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mafuta ya taa, akalinda moto maziwa yasichemke. Kilio kilishuka, kikawa kwikwi, kikaisha.

"Kumbe yananyamaza," alisema Werema, na moyo wake ukatulia kabisa. "Basi pasha kila siku."

Ikawa hivyo. Tomaso alinenepa polepole na hakukohoa. Wakwe walikuja kumtazama, wakaridhika, wakarudi kwao Busawe. Waliomsifu Verdiana kwa akili yake walikuwa wengi, naye sifa hizo zilimchoma.

Baada ya mavuno Wegesa alianza kuchelewa kuondoka zahanati kila alipoleta maziwa. Alikuwa akikaa chini ya dirisha, kibuyu kitupu mapajani, akisikiliza.

"Usiwashe bado, muuguzi," alisema siku moja. "Nyumbani siku hizi Mokami halii tena."

Verdiana alingoja. Kisha Tomaso akaamka, na Verdiana akawasha jiko.